Nani Aliiweka Hukumu ya Shangazi Mtandaoni?

Mwaka jana, katikati ya wiki ya mitihani, shangazi yangu wa Tanga alinitumia kiungo kwa WhatsApp pamoja na ujumbe mfupi wa sauti: "Mwanangu, nisomee hii. Wamesemaje?" Ilikuwa hukumu ya Mahakama Kuu, kurasa nane za Kiingereza kitupu, na jina lake juu kabisa kama mrufani. Shauri lenyewe lilihusu kiwanja alichoachiwa na babu. Nilikuwa maktaba hapa London. Niliisoma yote bila kulipa hata senti moja, nikatoka nje, nikampigia. Nikamwamkia, kisha nikamwambia, "Shangazi, rufani yako imekataliwa." Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, Mungu ndiye mpaji," akakata simu.

Nilikuwa nimekosea. Jaji hakuikataa rufani. Aliiondoa mahakamani kwa sababu nakala ya tuzo ya baraza la ardhi haikuambatishwa. Kwa Kiswahili changu cha nyumbani, kuondoa na kukataa niliona ni kitu kimoja, na maneno ya Kiingereza nayo sikuyatilia maanani. Kisheria ni vitu viwili. Rufani iliyokataliwa imesikilizwa na imekwisha. Iliyoondolewa kwa kasoro haijasikilizwa bado, na mwenye nayo anaweza kuomba aongezewe muda ili ailete upya. Tofauti hii ni ya tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliieleza katika shauri la Ngoni-Matengo Co-operative Marketing Union dhidi ya Alimahomed Osman, na mahakama za Tanzania zinalitaja shauri hilo mpaka leo. Wakili ndiye aliyemfafanulia shangazi, baada ya wiki tatu. Kwa wiki tatu nzima aliamini kiwanja cha babake kimekwenda, kwa sababu yangu.

Basi tulipoombwa kuandika juu ya kazi na utafiti kwa toleo hili, sikuwa na haja ya kutafuta mada. Nilitaka kujua hukumu ile ilifikaje kwenye simu ya mama wa Tanga, nani aliiweka pale, na kwa nini ilikuwa bure.

Haikuwa hivyo siku zote. Huduma ya Lexis ilipoanza Marekani mwaka 1973, ilikuwa ya mawakili wenye wateja wa kulipa. Sheria yenyewe haikuwa mali ya mtu. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwishasema mwaka 1834, katika kesi ya Wheaton dhidi ya Peters, kwamba hakuna mchapishaji awezaye kudai hakimiliki ya maamuzi yake. Lakini kuipata sheria hiyo kulihitaji vitabu au kompyuta ya kampuni, na vyote viwili vilikuwa na bei.

Mwaka 1992 watu wawili katika Chuo Kikuu cha Cornell, Peter Martin na Thomas Bruce, walianzisha Legal Information Institute ili kuweka sheria kwenye intaneti bila malipo. Walikutana mara moja na kikwazo ambacho leo kinachekesha: mawakili walitumia kompyuta za Windows, na Windows haikuwa na kivinjari. Bruce akakaa akaandika chake, akakiita Cello. Kilitoka mwaka 1993 na kilikuwa kivinjari cha kwanza cha Windows. Napenda sana habari hii. Mtu alitaka watu wasome sheria, akaona mlango haupo, akauchonga.

Australia walifuata mwaka 1995. Graham Greenleaf na Andrew Mowbray, wa vyuo vikuu viwili vya Sydney, walianzisha AustLII. Mchango wao mkubwa ulikuwa programu. Mowbray aliandika programu ya kutafutia iitwayo SINO, na wenzake wakatengeneza nyingine za kutambua zenyewe kifungu kinapotajwa ndani ya hukumu na kukiunganisha na sheria yenyewe. Kabla ya hapo mtu alipaswa kuviunganisha kwa mkono, kimoja kimoja. Kwa zana hizo hizo Uingereza ilianzisha BAILII mwaka 2000. Makao yake ni Russell Square, jengo ambalo wengi wetu tunalipita tukienda darasani bila kulitazama. BAILII imeishi kwa michango na kwa wafanyakazi wachache mno.

Kuna badiliko dogo ambalo wanahistoria hulipita haraka, nami naona ndilo lililofungua njia. Zamani ukitaka kutaja hukumu mahakamani ulitaja kitabu na ukurasa, yaani ulimtaja mchapishaji. Mwaka 2001 mahakama za Uingereza zilianza kuzipa hukumu namba zao zenyewe: mwaka, kifupi cha mahakama, namba, na kila aya ikahesabiwa. Tangu hapo mwenye nakala ya bure na mwenye kitabu cha pauni mia wakaweza kuelekezana kwenye mstari ule ule. Hukumu ya shangazi ilikuwa na namba ya aina hiyo hiyo.

Mwaka 2002 taasisi hizi zilikutana Montreal zikatoa tamko kwamba taarifa za sheria za umma ni urithi wa wote na zipatikane bure. Afrika haikukaa pembeni. Kenya ilikwishatunga sheria mwaka 1994 ya kuunda baraza la kuripoti maamuzi ya mahakama, linalojulikana zaidi kama Kenya Law, na leo linatoa hukumu na sheria za nchi bure mtandaoni. SAFLII ilianzia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kwa msaada wa Waaustralia. Mwaka 2010 ikaja AfricanLII, ambayo imeshirikiana na nchi mbalimbali kujenga hifadhi zao: ULII ya Uganda, TanzLII ya Mahakama ya Tanzania, na Zanzibar nayo ina yake. Hata muundo wa kompyuta unaotumika sasa kuandikia sheria katika nchi nyingi, Akoma Ntoso, una jina la Kiakan, na ulianzia kwenye mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika.

Tukisema "bure", basi, tunazungumzia msomaji tu. Nyuma yake kuna kazi ya watu. Kuna anayepokea hukumu kutoka kwa makarani na kuhakikisha ni nakala iliyosainiwa. Kuna anayeficha majina ya watoto na waathirika wa ubakaji kabla hukumu haijatoka, na akisahau mara moja, jina hilo halirudi tena. Kuna anayeandika muhtasari. Kuna anayechukua sheria ya 1999, akaipachika marekebisho yote yaliyotoka kwenye Gazeti la Serikali, ili mkulima asisome kifungu kilichofutwa zamani. Wanaajiriwa wanasheria, waandishi wa programu, wakutubi. Wahitimu wa lugha sikuwaona wakitajwa sana, na hapo ndipo nilipoketi sawasawa.

Kwa sababu mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji. Kabla ya hapo Kiswahili kilitawala Mahakama za Mwanzo, lakini ukipanda juu hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Sasa kuna sheria za miongo mingi za kutafsiriwa na kuhaririwa. Na kwa mtafiti kuna kitu adimu: maandishi ya kisheria ya Kiswahili yanayozidi kukua, yenye tarehe na namba, wazi kwa yeyote. Mtu anaweza kufuatilia majaji wanavyotofautisha "kuondoa", "kutupilia mbali" na "kufuta" kutoka mahakama hadi mahakama, na kama wanakubaliana. Mimi nimeomba kuandika tasnifu yangu juu ya maneno hayo matatu. Msimamizi wangu aliniuliza kama maneno matatu yanatosha kwa maneno elfu kumi. Nilimsimulia habari za kiwanja.

Maombi ya shangazi ya kuongezewa muda bado hayajapangiwa siku. Nimemwambia uamuzi ukitoka anitumie kiungo nimsomee. Amecheka, akasema atanitumia, lakini baada ya kuongea na wakili.