Shaka ya Wazazi na Kipimo cha Akili: Somo la Historia kwa Makada

Kila mahali Serikali inapochagua watoto wenye akili na kuwaweka katika madarasa yao peke yao, swali huzuka mitaani: wanafanywa nini huko? Huko Marekani swali hilo limegeuka kuwa tuhuma nzito, kwamba mipango ya shule kwa watoto wenye vipaji ilitumiwa kufanyia majaribio ya akili. Kada anayesikia maneno ya namna hii huwa na njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni kuyacheka kama ujinga wa umma. Ya pili ni kuyabeba yote kama yalivyo. Zote mbili ni uvivu wa fikra. Hapana budi tuiulize historia: shaka hii imezaliwa na nini, na jaribio la kweli lilifanyika wapi?

CHIMBUKO LA SHAKA

Tuanze Ilala. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika walichukuliwa kubeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi mno walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Wakazi wa sehemu hii walijua mapema kwamba mkoloni anapohesabu miili ya Waafrika, hahesabu kwa faida yao.

Si ajabu basi kwamba wakati wa utawala wa Waingereza zilienea Dar es Salaam habari za mumiani: kwamba wako watu wanaowakamata Waafrika na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Watu wa zimamoto walishukiwa, na hospitali pia. Mwaka 1946 E. C. Baker aliandika makala juu ya mumiani katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kama habari ya tukio, jambo hilo halikuwa kweli. Lakini kama maelezo ya uhusiano wa mtawala na mtawaliwa, lilikuwa na kiini cha kweli, maana mwili na jasho la Mwafrika vilikuwa vikitumiwa kila siku bila ridhaa yake. Umma ulikosea jina la ugonjwa, haukukosea kuwa uko ugonjwa.

JARIBIO LA MCHANA KWEUPE

Wakati mwananchi wa Dar es Salaam akiogopa gari la zimamoto usiku, jaribio lenyewe lilikuwa likifanyika mchana nchini Kenya, chini ya bendera hiyohiyo ya Kiingereza. Shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ilikuwa shule ya juu kabisa kwa wavulana wa Kiafrika nchini humo. Waliofika pale walikuwa wamekwisha kuchujwa mara nyingi. Mapema katika miaka ya 1930, R. A. C. Oliver, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, aliwapima vijana hao kwa mtihani wa akili na kuwalinganisha na wavulana wa Kizungu wa shule ya Prince of Wales, Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1932.

Oliver hakuwa mbaya kuliko wenzake, naye aliona kwamba tofauti za malezi na mafunzo zinaufanya ulinganisho wa namna hiyo kuwa mgumu. Lakini katika jamii ya kikoloni kipimo hakibaki mikononi mwa mpimaji. Katika miaka hiyohiyo Dakta H. L. Gordon, wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alipima vichwa vya Waafrika na kudai kwamba ubongo wao una upungufu wa asili. Alifika hata kuihusisha elimu ya Kizungu na wazimu wa vijana wa Kiafrika. Mwaka 1934 F. W. Vint alichapisha utafiti wake juu ya bongo za maiti za Waafrika wa Kenya, nao ukatumiwa kuunga mkono dai hilo. Baada yao alifuata J. C. Carothers. Kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na mwaka 1954 aliiandikia Serikali ya Kenya taarifa iliyoeleza vita vya Mau Mau kama tatizo la akili. Watu waliodai ardhi yao wakageuzwa wagonjwa.

Hapa ndipo penye somo. Jaribio hili halikufichwa chini ya ardhi. Lilipigwa chapa, likawekewa takwimu na kujadiliwa katika mikutano ya madaktari. Kosa halikuwa kumwuliza mtoto maswali. Kosa lilikuwa kwamba jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na mfumo: kwamba yuko wa kutawala na yuko wa kutawaliwa, na kazi ya sayansi ni kuupiga muhuri mpango huo.

Jibu la kweli lilitolewa na historia, tena hapa Ilala. Mwaka 1961 Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilianza kufundisha sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wasiozidi 14. Kilichokuwa kimepungua hakikuwa akili ya Mwafrika. Zilikuwa zimepungua nafasi.

USHAHIDI WA MAREKANI

Na Marekani je? Juu ya madarasa ya watoto wenye vipaji, hatujaona hati inayothibitisha tuhuma hiyo, na kada hana ruhusa ya kudai asichoweza kukithibitisha. Lakini shaka ya watu wa huko haikutoka hewani. Shirika la ujasusi la CIA lilianzisha mwaka 1953 mpango wa MKULTRA wa kuchezea akili za binadamu, na mwaka 1973 mkuu wake, Richard Helms, akaamuru majalada yake yateketezwe. Katika shule ya Fernald, jimbo la Massachusetts, kati ya mwaka 1946 na 1953, wavulana waliingizwa katika kilichoitwa Klabu ya Sayansi, kisha wakalishwa uji uliotiwa chembe za mionzi. Umma ulikuja kuelezwa mwishoni mwa mwaka 1993. Tuangalie waliochaguliwa: walikuwa watoto waliohesabiwa kuwa wapungufu wa akili, wengi wao wakiwa wametupwa na jamii. Mnyonge ndiye aliyefanyiwa jaribio, kwa sababu hakuwa na wa kumuulizia.

KIPIMO CHETU WENYEWE

Tusijifiche nyuma ya makosa ya wengine. Tangu Januari 1962 tuliondoa ubaguzi wa rangi katika shule. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilionya juu ya mitihani inayopima kukariri na kuwafanya wachache wajione bora kuliko wenzao. Hata hivyo tunazo shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na za Tabora, na mlango wake ni alama za mtihani wa darasa la saba.

Je, alama hizo zinaona kipaji chote? Utafiti wa Robert Sternberg na wenzake, waliofanya kazi katika shule za karibu na Bagamoyo na kuchapisha mwaka 2002, watoa jibu la kutufikirisha. Watoto walipimwa, wakafundishwa kwa muda usiotimia saa moja, wakapimwa tena. Alama zilipanda, na waliong'ara mara ya kwanza hawakuwa lazima ndio walioongoza mara ya pili. Kama saa moja ya mafunzo yaweza kubadili safu, basi mtoto wa mchuuzi wa Kariakoo anayesoma darasa lililofurika hakupimwa akili yake tu, alipimwa pia hali ya nyumbani na darasani kwake.

WAJIBU WA KADA

Yatokanayo ni matatu. Kwanza, mzazi anapouliza, ajibiwe, asiitwe mjinga. Pili, kila anayetaka kuwapima watoto wetu, awe mgeni au mwenyeji, aonyeshe kibali, na mzazi aelezwe kwa Kiswahili kinapimwa nini, matokeo yatawekwa wapi na yatamfaa nani. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kutoa vibali vya utafiti ni sehemu ya kazi yake. Lakini kibali kilichofungiwa kabatini hakimlindi mtoto ambaye mzazi wake hajui kuwa kipo. Tatu, mtoto aliyechaguliwa afundishwe kwamba amepewa nafasi kwa niaba ya wengi waliobaki nje.

Uvumi hustawi pale taarifa inapokosekana. Anayetaka kuung'oa na autoe ukweli hadharani, mbele ya wazazi wenyewe.