Mwanahisa mdogo na mtego wa bei ya kutupa

OFA ya hisa isiyoombwa ni barua, simu au ujumbe ambao mtu au kampuni humpelekea mwanahisa, ikimtaka auze hisa zake nje ya soko kwa bei iliyokwishapangwa na mnunuzi. Si kila ofa ya aina hiyo ni ovu. Lakini bei inapokuwa chini mno kuliko ile ya sokoni, na inapoelekezwa kwa wastaafu, warithi na watu wanaoishi mbali na soko, ofa hiyo huwa ni ulanguzi kama ulanguzi mwingine.

Ulanguzi si jambo geni mkoani Morogoro. Katika miteremko ya Milima ya Uluguru, kabichi na karoti za Mgeta au ndizi na matunda ya Kinole hununuliwa na wachuuzi wanaoijua bei ya Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro na ile ya Dar es Salaam, huku mkulima akiwa hana hakika nayo. Faida ya mlanguzi hutokana na pengo hilo la habari. Kwa upande wa hisa zilizoorodheshwa sokoni, pengo hilo halina sababu ya kuwapo, kwani bei zake hutangazwa kila siku ya kazi. Mwanahisa hupunjwa pale tu anapouza bila kuiuliza bei hiyo.

Wanahisa wa mbali na soko

Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL. Katika miaka iliyofuata, mauzo ya hisa za awali yaliwafikia wananchi wa kawaida mikoani. Mwaka 2008 hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa Sh600 kila moja. Mwaka 2009 hisa za CRDB ziliuzwa kwa Sh150. Mwaka 2015 ilifuata Benki ya Biashara ya Mwalimu kwa Sh500, na mwaka 2017 kampuni ya Vodacom Tanzania kwa Sh850.

Mauzo hayo yaliwafanya walimu, wauguzi, wafanyabiashara wadogo na wakulima kuwa wamiliki wa kampuni kubwa. Wengi walinunua mara moja tu, wakaweka stakabadhi kabatini na kuendelea na shughuli zao. Wapo waliohama, waliobadili namba za simu na waliofariki dunia kabla ya kuwaeleza watoto wao juu ya mali hiyo. Madalali wengi wa soko nao wana makao yao Dar es Salaam. Katika mazingira hayo, mtu anayebisha hodi akiwa na fedha taslimu husikilizwa kwa urahisi.

Hesabu inayopotosha

Silaha kubwa ya mnunuzi wa aina hii ni bei ya zamani. Mwanahisa aliyenunua hisa za CRDB kwa Sh150 anaweza kuambiwa kuwa atalipwa Sh300, yaani mara mbili ya alichotoa. Kwa sikio ni faida kubwa. Hata hivyo, gawio la benki hiyo kwa mwaka 2024 pekee lilikuwa Sh65 kwa kila hisa kabla ya kodi. Iwapo gawio litabaki katika kiwango hicho, Sh300 ni sawa na gawio la chini ya miaka mitano, na baada ya miaka hiyo hisa ingekuwa bado mali ya mwenyewe.

Kwa NMB hesabu ni kali zaidi. Gawio la mwaka 2024 lilikuwa Sh428.85 kwa hisa. Atakayekubali Sh1,200 kwa sababu ni mara mbili ya Sh600 za mwaka 2008, atakuwa ameuza hisa yake kwa fedha isiyofikia gawio la miaka mitatu kwa kiwango hicho. Gawio hupanda na kushuka, na halina dhamana. Lakini mifano hiyo inaonyesha kuwa bei aliyonunulia mtu haipimi thamani ya hisa yake leo.

Mbinu nyingine hufanana na lumbesa, ule ujazo wa gunia kupita kipimo ambao umepigwa marufuku nchini lakini wakulima wanaufahamu vyema. Ofa huletwa siku chache kabla ya kampuni kufunga daftari la wanahisa wanaostahili gawio. Anayeuza kabla ya siku hiyo huweza kutoa hisa pamoja na gawio lake, naye akalipwa hisa peke yake.

Mafunzo kutoka nje

Nchini Australia, barua za aina hii zilienea sana katika miaka ya mwanzo ya 2000. Wanunuzi walichukua majina na anwani kutoka madaftari ya wanahisa, kisha wakawaandikia kwa maelfu wakitaja bei za chini. Sheria ilibadilishwa ili mnunuzi alazimike kutaja katika barua hiyo hiyo bei ya soko ya hisa anazozitaka. Baadaye zikajitokeza ofa zilizotaja bei ya kuvutia kuliko ya soko, lakini malipo yake yalikuwa ya awamu kwa miaka mingi.

Nchini Marekani, baadhi ya wanunuzi huomba hisa zisizofikia asilimia tano ya kampuni, kwa kuwa chini ya kiwango hicho masharti mengi ya kutoa taarifa hayawabani. Mamlaka ya masoko ya nchi hiyo imewaonya wawekezaji mara kadhaa kuwa ofa hizo mara nyingi huwa chini ya bei ya soko, na kwamba aliyekwishakubali anaweza kushindwa kujitoa.

Ofa halali hujulikanaje

Ofa ya kununua kampuni nzima ni jambo tofauti. Mwaka 2024, kampuni ya Amsons ya Tanzania ilitangaza kununua hisa za kiwanda cha saruji cha Bamburi nchini Kenya kwa Sh65 za nchi hiyo kwa kila hisa. Kampuni ya Savannah Clinker ikajitokeza kwa Sh70, ingawa baadaye ilijitoa na Amsons ikakamilisha ununuzi Desemba mwaka huo. Bei ilitangazwa hadharani, ikawa moja kwa mwanahisa mkubwa na mdogo, na watu walipewa muda wa kutafakari.

Hapa nchini, ununuzi wa kampuni zilizoorodheshwa unaongozwa na kanuni za mwaka 2006 zilizotungwa chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), ambayo pia hutoa leseni kwa madalali wa hisa. Ofa inayonong'onwa kwa mtu mmoja mmoja, kwa masharti ya kujibu kabla ya kesho, haifanani na utaratibu huo.

Kabla ya kutia saini

Ni kweli kwamba soko nalo lina udhaifu wake. Baadhi ya hisa hazipati wanunuzi kwa haraka, na mzazi anayedaiwa ada mwezi Januari huenda asiweze kusubiri. Mwenye haki ya kuuza ni yeye, na fedha ya leo ina thamani yake. Lakini anapaswa kujua anapoteza kiasi gani kwa ajili ya haraka hiyo.

Hatua ya kwanza ni kutafuta bei ya siku hiyo, kupitia DSE, gazeti au dalali mwenye leseni. Ya pili ni kuzidisha bei hiyo kwa idadi ya hisa na kulinganisha na fedha inayotolewa. Ya tatu ni kuuliza kama kuna gawio lililotangazwa na daftari litafungwa lini. Ya nne ni kuthibitisha kwa CMSA iwapo anayejiita dalali ana leseni.

Kwa warithi, tahadhari ni kubwa zaidi. Hisa za marehemu hushughulikiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hivyo ndugu mmoja hana mamlaka ya kuziuza kwa kuwa tu stakabadhi iko mikononi mwake. Stakabadhi, nakala ya kitambulisho na fomu iliyotiwa saini bila kujazwa visikabidhiwe kwa mnunuzi.

Na asiyetaka kuuza hana haja ya kueleza sababu. Barua ya ofa si hati ya mahakama. Hakuna sheria inayomlazimisha mwanahisa kuijibu.