Uzi: Je, homoni huwafanya wanawake trans wawe wakali?

1/ Siasa zikipamba moto, hili swali halikosi. Mtu anashika maikrofoni, anasema dawa za homoni "zinaharibu akili". Wacha tuanzie hapa kwetu Kakamega.

2/ Mkulima wa Shinyalu anajua: fahali wa kupigana hahasiwi, wa kulima huhasiwa ndio atulie. Mwaka 1849 huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold alihasi majogoo. Wakaacha kuwika na kupigana. Aliporudisha korodani tumboni mwa baadhi yao, ujogoo ukarudi. Akaona kuna kitu kinachosafiri kwa damu.

3/ Neno "homoni" lilikuja 1905, kupitia Mwingereza Ernest Starling. Estrojeni ikatengwa 1929, testosteroni 1935. Mwanzo wa miaka ya 1950, daktari Christian Hamburger wa Denmark alimtibu Mmarekani Christine Jorgensen kwa estrojeni. Mwaka 1952 habari ikatapakaa duniani.

4/ Sasa, hasira? Binadamu si jogoo. Matibabu haya hushusha testosteroni na kupandisha estrojeni. Tafiti kadhaa zimeona huzuni na wasiwasi vikipungua, ingawa nyingi ni ndogo. Kuhusu hasira, matokeo hayakubaliani. Wako wanaosema wanalia upesi au kukasirika haraka, hasa miezi ya kwanza, au kiwango kikishuka sindano inapoisha nguvu. Mama anayekaribia kukoma hedhi hahitaji kuelezwa hii.

5/ Dawa nazo zinatofautiana. Siproteroni, ya kuzuia testosteroni, inaweza kuleta huzuni kwa baadhi ya watu. Anayemeza dawa kichinichini, bila daktari wala kipimo cha damu, hajui hata amefikia kiwango gani. Hapo ndipo hatari ilipo, na ukimtisha asiende hospitali unaizidisha.

6/ Halafu kuna hasira isiyotoka kwa chupa ya dawa. Fikiria kuomba kazi na cheti chenye jina ambalo si lako tena. Audrey Mbugua alipeleka suala hilo kortini, na 2014 Mahakama Kuu ikaamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake cha KCSE.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "ni homoni", muulize: homoni gani, kiwango gani, nani alipima? Na huyo mtu alikuwa ametendewa nini asubuhi hiyo?