Moshi wa Sigara Katika Nyumba ya Mjamzito na Mzazi: Mafunzo Kutoka Handeni na Korogwe

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

AlhamduliLlaah, himidi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rahma na amani zimshukie Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), Aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu zetu katika iymaan, lipo suala linalorudi mara kwa mara katika familia zetu: mke ni mjamzito, mume anavuta sigara. Je, mume ana jukumu mbele ya Allaah juu ya mtoto ambaye bado hajazaliwa? Na mke anayeweka ugoro au tumbaku ndani ya tambuu, naye ahesabiwe mtumiaji? Katika makala hii tutaeleza madhara yenyewe, kisha hukmu yake, kisha njia ya kuacha, kwa kutazama wilaya mbili za ndugu zetu wa Mkoa wa Tanga: Handeni na Korogwe.

Kwa nini Handeni na Korogwe

Tanga na Pemba ni majirani wa bahari moja. Wapo watu wa visiwani waliooa huko, na wapo wa huko walioolewa huku. Lakini tunayo sababu nyingine ya kuzitaja wilaya hizi. Wajawazito wake ni miongoni mwa waliofuatiliwa kwa karibu zaidi na watafiti wa afya nchini.

Korogwe ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kati ya mwaka 2008 na 2010 wajawazito wa Korogwe walifuatiliwa kwa kipimo cha picha, yaani altrasaundi, ili kuona malaria inamfanya nini mtoto tumboni. Ikadhihirika kuwa malaria inayompata mama mapema katika mimba humdumaza mtoto kabla hata hajazaliwa. Mwaka 2012 ikachapishwa chati ya uzito wa mtoto tumboni iliyotokana na vipimo vya kinamama hao wenyewe. Kisha, kati ya 2014 na 2016, wanawake wa Korogwe na Handeni walianza kufuatiliwa kabla ya kushika mimba, ili kujua upungufu wa damu wa mama unavyogusa afya ya mtoto hadi ukubwani.

Tafiti hizo hazikuwa za sigara. Hata hivyo zinatufunza jambo kubwa kwa maudhui yetu: mtoto wa huko anaanza maisha akiwa na maadui wawili, malaria na upungufu wa damu, na wote wawili humpunguzia chakula na hewa akiwa tumboni. Moshi wa sigara unafanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo nyumba yenye mjamzito na mvutaji ndani yake inamuongezea mtoto adui wa tatu, na huyu ameletwa kwa pesa ya baba yake.

Nani hasa anayevuta

Tukisoma vitabu vya afya vya Ulaya na Marekani, nasaha nyingi humlenga mama avutaye sigara. Kwetu hali ni tofauti. Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima Tanzania wa mwaka 2018 ulionesha kuwa wanaume wanaotumia tumbaku ya aina yoyote ni takriban 15 katika kila 100, na wanawake ni takriban 3 katika kila 100. Wanawake wanaovuta ni wachache zaidi, kiasi cha mmoja katika kila 100.

Maana yake ni kuwa hapa kwetu sigara inayomfikia mtoto tumboni, mara nyingi, ni ya baba. Ni ya dereva anayesimama Segera au Korogwe mjini, ya kijana wa bodaboda wa Chanika au Mkata, ya mfanyakazi wa mkonge wa Ngombezi au Hale anayerudi jioni kwenye chumba kimoja alalamo mkewe na watoto. Na ni hivyo hivyo kwa mvuvi wetu wa visiwani na kwa muuza duka. Mke hajavuta hata mara moja katika umri wake, lakini mapafu yake yanavuta kila usiku.

Moshi unamfanya nini mtoto

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Mbili zinatosha kuelezwa hapa.

Ya kwanza ni nikotini. Huibana mishipa ya damu, ikiwemo ile ya kondo la nyuma ambayo kwayo mtoto hupata chakula chake. Ya pili ni gesi ya kaboni monoksaidi. Hushika nafasi ya oksijeni katika damu, hivyo damu hufika kwa mtoto ikiwa na hewa pungufu. Kwa mama ambaye damu yake tayari ni kidogo, hasara hii ni kubwa zaidi.

Matokeo yanayojulikana kwa mama anayevuta ni mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, kwa wastani pungufu ya gramu 200 hivi, kuzaliwa njiti, kondo kujishika mahali pabaya au kubanduka kabla ya wakati, mimba kuharibika, na mtoto kufia tumboni. Mama anayevuta moshi wa mwenzake naye yumo hatarini: moshi huo nao hupunguza uzito wa mtoto na huongeza hatari ya kuzaa mtoto mfu.

Gramu 200 zinaweza kuonekana ndogo sokoni. Kwa mtoto mchanga zinaweza kuwa tofauti kati ya kunyonya kwa nguvu na kushindwa kunyonya. Na mwenye kuijua Handeni anajua zipo nyumba zilizo mbali na hospitali, na njia za vumbi ambazo masika huzigeuza tope. Mtoto dhaifu katika nyumba kama hiyo ni mtihani mzito. Wenzetu wa visiwa vidogo, wanaongoja mashua ili wafike hospitali, wanalielewa hili bila ya kufafanuliwa.

Ugoro, kuberi, tambuu na shisha

Wapo kinamama wanaosema, "Mimi sivuti." Kisha huweka ugoro mdomoni ili kukata kichefuchefu cha mimba, au hutia tumbaku katika tambuu, au hutumia kuberi kwa siri. Nikotini haihitaji moshi ili iingie katika damu. Hupita kwenye fizi na chini ya ulimi. Tumbaku ya kutafuna na kunusa nayo imehusishwa na uzito mdogo, kuzaa njiti na mtoto kufia tumboni.

Ama shisha, maji yaliyomo hayauondoi moshi sumu yake, na makaa yake yenyewe yanatoa ile gesi ya kaboni monoksaidi. Harufu ya tunda isimhadae mtu.

Hukmu yake

Tumbaku iliingia katika nchi za Kiislamu karibu na mwaka 1000 Hijria, ndiyo maana hatukuti maandiko yanayoitaja kwa jina. Wanavyuoni wa mwanzo walikhitalifiana: wapo waliohalalisha, waliokirihisha na walioharamisha. Baada ya madhara yake kuthibitika, wanavyuoni wengi wa zama zetu wameiharamisha, miongoni mwao Shaykh Ibn Baaz na Shaykh Ibn 'Uthaymiyn (Rahimahuma Allaah). Wameegemea makatazo ya mtu kujitia maangamizoni (Suwrat Al-Baqarah, aya ya 195), kuiua nafsi (An-Nisaa, aya ya 29), na kuharamishwa vilivyo vibaya (Al-A'raaf, aya ya 157), pamoja na kanuni iliyothibiti kutoka kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) kwamba haifai mtu kudhuru wala kulipiza kwa kudhuru.

Lakini katika suala letu kuna jambo la ziada. Hata yule anayeshikilia kauli ya kwamba sigara ni makruhu kwa mvutaji mwenyewe, hana hoja ya kumvutishia asiyetaka. Hapa madhara yanavuka nafsi yake na kumfikia mke aliye amana mkononi mwake, na kiumbe kisichoweza kuondoka chumbani. Katika aya ya 233 ya Suwrat Al-Baqarah, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Ametaja kunyonyesha miaka miwili, Akamuwajibisha baba chakula na mavazi ya mama, na Akakataza mzazi kudhuriwa kwa sababu ya mtoto. Na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametufundisha kuwa mwanamume ni mchunga wa watu wa nyumba yake na ataulizwa juu yao.

Pia kuna suala la mali. Anayevuta pakiti moja ya sigara 20 kwa siku, katika miezi tisa ya mimba anachoma zaidi ya sigara 5,000. Na apige hesabu kwa bei ya dukani kwake: ni mayai, dagaa, maharage na chandarua ngapi vilivyomkosa mjamzito wake?

Baba aanzie wapi

Kwanza, anuie kwa ajili ya Allaah na achague siku. Siku aliyojua kuwa mkewe ana mimba ni siku njema, na iliyobaki karibu zaidi ni ya leo.

Pili, akumbuke Ramadhaan. Mvutaji anayefunga hukaa takriban saa 13 bila ya sigara, siku 29 au 30 mfululizo, huku akifanya kazi. Aliyeweza mchana ameshajithibitishia kuwa anaweza. Kilichobaki ni usiku.

Tatu, ajue kitakachompata. Hasira, kukosa usingizi, kuumwa kichwa na hamu kali huwa na nguvu zaidi siku za mwanzo, kisha hupungua katika wiki mbili hadi nne. Kila wimbi la hamu hupita baada ya dakika chache. Katika dakika hizo anywe maji, apige mswaki, atie wudhuu, ale tende, atembee, au amtake mkewe wazungumze.

Nne, aepuke mahali pa mazoea: baraza la wavutaji, kahawa ya jioni pamoja nao, kiberiti mfukoni. Awaambie marafiki zake wazi kwamba ameacha, wasimkaribishe.

Tano, afuatane na mkewe kliniki. Kinababa nchini wanahimizwa kuhudhuria hudhurio la kwanza la mimba. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2013 limetaka kila mjamzito aulizwe kuhusu tumbaku anayotumia na moshi anaovuta kwa wengine. Ikiwa muuguzi hakuuliza, baba aseme mwenyewe na aombe nasaha.

Ama kupunguza tu, au kuvutia mlangoni, si tiba. Moshi hurudi ndani, na mabaki yake hukaa kwenye nguo, ndevu na chandarua.

Mama anayetumia mwenyewe

Dada yetu, usifiche kwa kuona haya. Mwambie mkunga; siri yako ni amana kwake. Unaweza kuacha mara moja, na kuacha kwako hakumdhuru mtoto. Kila mwezi wa mimba una faida yake, hata ukiacha ukiwa katika mwezi wa saba. Usitumie dawa za kuachia sigara bila ya daktari, kwani ziko ambazo hazishauriwi kwa mjamzito. Kichefuchefu kisikurudishe kwenye ugoro: kula kidogo kidogo, na mueleze muuguzi kama kinazidi.

Baada ya mtoto kuzaliwa

Wengi walioacha wakati wa mimba hurudia baada ya kujifungua. Usingizi umepungua, mtoto analia, na mtu hujiambia kuwa hatari imekwisha. Haijakwisha. Mtoto mchanga anayevutishwa moshi yumo katika hatari zaidi ya kufa ghafla usingizini, kupata nimonia, pumu na maradhi ya masikio. Mama anayetumia tumbaku hupitisha nikotini katika maziwa. Hata hivyo asiache kunyonyesha, bali aache tumbaku.

Siku za arubaini, nyumba hujaa wageni. Iwekwe kanuni moja isiyo na aibu: hakuna sigara ndani wala barazani, hata kwa babu, hata siku ya 'aqiyqah. Aliyetoka kuvuta asimpakate mtoto mpaka aoshe mikono na uso na kubadili shati. Na mtoto asilazwe jikoni penye moshi wa kuni, wala mama asiachiwe kupika humo peke yake. Asilale kitanda kimoja na mzazi anayevuta.

Mke afanye nini mume akikataa

Amnasihi kwa upole, wakati wa utulivu, wala si mbele ya watu. Aombe kwanza lililo jepesi: chumba cha kulala kisiwe na moshi kabisa. Akishindwa, amtumie mtu anayeheshimiwa na mume, kama mama mkwe, kaka, imamu au daktari. Na asichoke kumuombea du'aa. Mume naye asiuchukulie ushauri huo kuwa ni kuvunjiwa heshima, kwani mkewe anamsemea asiyeweza kusema.

Aliyeacha kisha akateleza, asikate tamaa. Wengi hawakufaulu mara ya kwanza. Atubie, aangalie nini kilichomrudisha, kisha aanze tena siku hiyo hiyo.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Awahifadhi wajawazito na wazazi wetu, wa visiwani na wa bara, Atujaalie kizazi chema chenye afya, na Awape nguvu ndugu zetu waliotia nia ya kuacha. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.