Singer ya Bibi: Chuma cha Karatu Ambacho Madalali Wanakitafuta Bila Kujua Kina Nini

Asubuhi ya Karatu ina milio miwili. Wa kwanza ni wa Land Cruiser za watalii zinazopanda kuelekea geti la Loduare, kwenda Ngorongoro. Wa pili unatoka barazani mwa maduka, tak-tak-tak, fundi kainamia kitambaa. Mlio wa kwanza unajulikana dunia nzima. Huu wa pili ndio wenye stori leo.

Mchukulie bibi mmoja, hatajwi jina kwa sababu yupo karibu kila ukoo. Kona ya sebule ana cherehani nyeusi ya mkono, maandishi ya dhahabu yameanza kufutika, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Wajukuu wanaiona kama meza ya kuwekea chaja. Kumbe pale pamekaa historia nzima.

Tuanzie mbali kidogo. Mmarekani Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851. Ujanja mkubwa wa kampuni yake haukuwa kwenye sindano tu. Kufikia 1856 ilikuwa inawauzia watu kwa mkopo, unatoa kidogo kidogo huku mashine iko nyumbani inakuingizia hela. Hiyo mikopo ya simu tunayoiona leo, babu yake ni huyo.

Nyingi zilizotufikia Afrika Mashariki zilitoka Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda kilichofunguliwa miaka ya 1880. Mwaka 1913 pekee kilitoa cherehani zaidi ya milioni moja. Zikapanda meli, zikashuka pwani, ambako mafundi wa Kihindi na Wagoa walishajikita katika ushonaji. Kutoka hapo zikafuata maduka ya Wahindi hadi bara. Hata jina lenyewe, cherehani, linahusishwa na neno la Kiajemi charkh, yaani gurudumu.

Sasa Karatu. Kabla ya nguo za dukani, Wairaqw na Wamasai walivaa ngozi. Wanawake walishona kwa mkono, wakitia shanga moja baada ya nyingine, kazi ya miezi. Kati ya vita kuu mbili, walowezi wa Kijerumani walikuwa wakilima kahawa upande wa Oldeani. Mashamba yalileta vibarua, vibarua wakaleta mshahara, na mshahara ukanunua kitambaa. Kitambaa nacho kinataka fundi.

Hapo ndipo cherehani ya mkono ilipoonekana mwanaume wa shoka. Haihitaji umeme. Haina hata meza ya miguu. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa, basi. Inaingia kwenye kasha lake la mbao lenye mfuniko uliopinda, inabebwa kichwani mpaka mnadani, ikirudi jioni imeshalipa unga na sukari. Mjini ilikuwa kifaa. Huku juu, kwenye baridi na vumbi jekundu, ilikuwa ajira inayobebeka.

Ikaja serikali na shule. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilisukuma elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 mpango huo ukaanza rasmi. Watoto wengi shuleni maana yake sare nyingi, na sare haikutoka China kwenye mfuko wa nailoni. Ilipimwa kwa futi ya kamba na ikashonwa na mama wa jirani. Watu wazima wengi leo waliingia darasa la kwanza na sare iliyopita chini ya sindano ya namna hiyo. Cherehani ilisomesha mara mbili: ilishona sare, halafu ikalipa ada ya mtoto wa aliyeshona.

Mambo yakabana mwishoni mwa miaka ya 1970. Vita ya Kagera, mafuta ghali, maduka matupu. Kitambaa kikawa cha kutafutwa kwa tochi. Fundi akageuka daktari: kola imechakaa, anaifumua na kuigeuza upande wa pili, suruali ya baba inakuwa kaptula mbili za watoto. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikaingia kwa marobota. Watu wakapumua, ila fundi akaumia. Shati la mtumba liliuzwa bei ambayo yeye asingeweza kununulia hata kitambaa. Cherehani nyingi zikafunikwa wakati huo, zikabaki za kupunguza urefu wa suruali.

Sasa tuje kwenye dili. Aprili 2009 ulizuka uvumi Saudi Arabia kwamba Singer za zamani zina "zebaki nyekundu" ndani. Eti weka simu karibu na sindano, mawasiliano yakikatika, umetajirika. Watu walihaha, na bei ikatajwa kufika riyali 200,000, kama dola 50,000, kwa mashine moja. Ukweli? Hakuna zebaki yoyote. Ndani ya Singer kuna chuma, mafuta na vumbi la uzi, full stop. Hadithi hiyo haijawahi kufa. Inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na anayeumia ni mjukuu aliyetoa "hela ya kupima", au bibi aliyerudishiwa chuma chake kimefumuliwa na hakishoni tena.

Thamani ya kweli ipo, ila ni ya aina nyingine. Wakusanyaji duniani hupenda mashine kamili inayofanya kazi. Staa wao ni Singer 221, Featherweight, iliyotoka 1933: mwili wa aluminiamu, uzito kama kilo tano, kasha jeusi kama la mwanamuziki. Hiyo inataka umeme, kwa hiyo usishangae kutoikuta vijijini. Huku utakutana zaidi na za mkono.

Unataka kujua umri wa ile ya nyumbani? Tazama namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia. Herufi mbili zinazoanza na E, kama EC au EE, ni za Clydebank, kati ya miaka ya 1930 na 1960 hivi. Herufi moja kama F au Y ni mzee zaidi. Ukiona picha ya sfinksi wa Misri, usiisugue, hiyo rangi ikitoka hairudi.

Halafu usitupe vidude. Kile kipande chenye umbo la risasi kinachobeba bobini ndefu, vyuma vya kukunjia pindo, kile cha kukusanyia marinda, kikopo cha mafuta, ufunguo wa kasha. Hivyo ndivyo vinapotea kwanza na ndivyo vigumu kupata. Habari njema: modeli 27, 28 na 99 zinakubali sindano za kawaida zinazouzwa sokoni mpaka leo. Matone ya mafuta ya cherehani, subira kidogo, na chuma cha miaka 80 kinaamka.

Kiwanda cha Clydebank kilifungwa 1980. Mashine zake bado zinapiga kazi barazani Karatu, kilomita chache kutoka kreta ambayo dunia inalipa kuja kuiona.

Kwa hiyo dalali akija na simu yake kupima zebaki, mpe chai aondoke. Kisha mwombe bibi akueleze nguo ya kwanza aliyoshonea pale, alimshonea nani, na alilipwa nini. Chuma kitangoja. Bibi hangoji.

Kwenu bado ipo, au ilishauzwa kwa wa vyuma chakavu?