Njia Mbili za Moyo Kushindwa: Framingham na Mulago tangu 1948

Mwaka 1948 utafiti wa maradhi ya moyo ulipiga hatua katika miji miwili iliyo mbali sana. Huko Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, watafiti walianza kuwafuatilia wakazi 5,209 ili kujua nani angeugua moyo na kwa nini. Mwaka huohuo, hapa Kampala, mwanapatholojia J.N.P. Davies alichapisha maelezo ya ugonjwa wa moyo ambao vitabu vya Ulaya havikuueleza vizuri. Insha hii inadai kwamba tukisoma historia ya Framingham peke yake tutawaelewa vibaya wagonjwa wetu.

Moyo ulioshindwa haujasimama. Unaendelea kupiga, ila hausukumi damu ya kutosha. Mgonjwa hukosa pumzi, huvimba miguu na kuchoka upesi.

Njia ya kwanza ya kufikia hali hiyo ni mshtuko wa moyo. Mshipa unaolisha msuli wa moyo huziba, sehemu ya msuli hufa na kubaki kovu. Mwaka 1961 William Kannel na wenzake wa Framingham walionyesha kuwa lehemu nyingi na shinikizo la juu la damu huongeza hatari ya maradhi ya mishipa hiyo. Baadaye sigara na kisukari navyo vilithibitishwa.

Njia ya pili haina mshtuko. Shinikizo likikaa juu miaka mingi, msuli wa moyo hunenepa, hukakamaa na mwishowe huchoka, hata kama hakuna mshipa ulioziba. Framingham yenyewe iliripoti mwaka 1971 kwamba shinikizo lilitangulia asilimia 75 ya visa vya moyo kushindwa.

Davies naye alikuta makovu kwenye utando wa ndani wa moyo, yaliyozuia vyumba vyake kupanuka na kupokea damu. Chanzo cha ugonjwa huo hakijathibitishwa hadi leo. Kuna pia homa ya baridi yabisi, inayoanza na maambukizi ya koo utotoni na kuharibu vali za moyo. Vihatarishi hivi vinahusiana zaidi na umaskini na msongamano wa nyumba kuliko sigara na mafuta.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa 1,006 wa nchi tisa za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo, uliunga mkono picha hiyo. Shinikizo lilisababisha takriban asilimia 45 ya visa, na kuziba kwa mishipa chini ya asilimia 8. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52 tu.

Mtu anaweza kupinga kwamba mishtuko mingi haigunduliki kwetu kwa uhaba wa vipimo. Hoja hiyo ina uzito, na maisha ya mjini yanaongeza mishtuko hiyo. Hata hivyo, pengo kati ya asilimia 45 na 8 ni kubwa mno kuelezwa na uhaba wa mashine pekee.

Kwa hiyo anayesubiri maumivu ya kifua ndipo apimwe anafuata historia ya watu wengine. Kwetu, kinga huanzia kwenye kipimo cha shinikizo katika zahanati ya kijiji, na kwenye penisilini kwa mtoto anayeumwa koo.