Mwana wa Kongo na Kiingereza cha Watumwa

Mara ngapi tumesikia wageni wakikicheka Kiswahili chetu cha Kongo, wakisema kimeharibika? Wengi wetu huona haya na kunyamaza. Basi tuwasimulie habari za ndugu yetu aliyejibu neno kama hilo mbele ya wenye elimu wa ng'ambo.

Jina lake Salikoko Mufwene. Alizaliwa mwaka wa 1947 huko Mbaya-Lareme, katika nchi yetu, na lugha ya kwao ni Kiyansi. Alisoma Kiingereza katika chuo kikuu mjini Lubumbashi, akamaliza mwaka wa 1973. Ndipo akaenda Marekani, na mwaka wa 1979 Chuo Kikuu cha Chicago kikampa cheo cha udaktari katika elimu ya lugha. Alifundisha kisiwani Jamaika, kisha katika Chuo Kikuu cha Georgia toka 1981 hata 1991, halafu akarudi Chicago kuwa profesa.

Katika pwani ya Georgia na South Carolina wanakaa watu waitwao Wagullah. Wazee wao walikuwa watumwa waliotolewa Afrika, wengi wao katika nchi za Kongo na Angola, wakalimishwa mpunga. Kiingereza chao kilidharauliwa sana. Mwaka wa 1949 Lorenzo Dow Turner, Mmarekani mweusi, alitoa kitabu kuonyesha maneno mengi ya Kiafrika yaliyomo. Hata karanga huitwa kwa neno litokalo katika nguba ya Kikongo.

Mufwene alikwenda mbele zaidi. Wataalamu wengi walifundisha kwamba lugha za watumwa zilizaliwa kwa njia ya peke yake, tofauti na lugha nyingine zote. Yeye akakataa. Kilatini kilipofika kwa Wagalia, wenyeji walikisema kwa namna yao, na baada ya karne nyingi kikawa Kifaransa. Je, nani husema Kifaransa ni Kilatini kilichoharibika? Katika makala ya mwaka wa 1997 aliuliza kwa nini lugha nyingine zihesabiwe kuwa wana halali wa Kiingereza, na nyingine wana haramu. Alionyesha kwamba watu hutazama rangi ya wasemaji kuliko sarufi yenyewe. Si wataalamu wote waliokubali, lakini hawakuweza kulipuuza swali lake.

Mwaka wa 2005 Agano Jipya lilichapwa katika lugha ya Wagullah. Na mwaka wa 2023 Collège de France, mjini Paris, ilimwita mwana huyu wa Kongo kufundisha huko.

Sisi tunaosali kwa Kiswahili chetu, tukumbuke siku ya Pentekoste. Roho Mtakatifu hakuchagua lugha ya wakubwa tu. Kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha ya kwao. Tujifunze lugha za ng'ambo kwa bidii, kama Mufwene alivyofanya, wala tusiione haya lugha tuliyonyonya pamoja na maziwa ya mama.